Godzilla wa Bandai katika joto la Lamu: tathmini ya sanamu ya viungo

Anayenunua sanamu ya viungo ya dubwana la filamu kwa nia ya kuiweka Lamu ananunua viungo kwanza, na rangi na sura baadaye. Picha za matangazo huonyesha sura, na sura ndiyo huuza, lakini kinachoamua kama sanamu itaendelea kusimama kwenye rafu baada ya kaskazi kupita na kusi kuingia ni vile vipande vidogo vya plastiki vilivyofichwa ndani ya nyonga, vifundo vya miguu na shingo. Kwa kipimo hicho, Godzilla wa mwaka 2023 katika mfululizo wa S.H.MonsterArts wa kampuni ya Bandai ndiye bora kuliko wote niliowahi kuwatunza katika kisiwa hiki. Ninaiandika tathmini hii kwa ajili ya wenzangu wa Lamu, Malindi na mwambao kwa jumla, kwa sababu tathmini nyingi tunazozisoma huandikwa na watu wanaoishi kwenye baridi na hewa kavu, ambako plastiki haipati taabu inayoipata kwetu.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuzishika, sanamu za viungo si mapambo yasiyotikisika, wala si vidoli vya kumpa mtoto anayejifunza kutembea. Ni sanamu za plastiki zilizokatwa mahali pengi na kuunganishwa upya kwa viungo, ili mwenye nazo aweze kuzipanga zisimame, ziiname, zigeuze shingo au zikunje vidole. Viungo vyenyewe ni vya aina chache. Ipo bawaba, ambayo hukunja mbele na nyuma tu. Kipo kiungo cha kuzunguka, ambacho hugeuza pasipo kukunja. Na kipo kiungo cha tufe, yaani tufe dogo lililokaa ndani ya kikombe chake, ambalo huelekea kila upande mpaka lizuiwe na umbo la sanamu yenyewe. Kampuni ya Kaiyodo ya Japani ilianzisha mfululizo wa Revoltech mwaka 2006 kwa kutumia kiungo chenye meno kinacholia kila kinapozungushwa, na mwaka 2010 Bandai wakaleta S.H.MonsterArts, wakianza na Godzilla mwenyewe. Marekani, kampuni ya NECA ndiyo inayojulikana zaidi kwa madubwana ya inchi 7, wakiwemo wale wa zamani wa studio ya Universal, kama vile kiumbe wa Frankenstein, Mummy na Wolf Man. Mkusanyaji yeyote wa kwetu atakutana na majina hayo mapema, na mengine atayajua polepole kadiri mfuko wake unavyoruhusu.

Godzilla ana historia ambayo watu wa pwani wanapaswa kuijua. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika visiwa vya Bikini, na majivu yake yakaiangukia mashua ya wavuvi wa Kijapani iliyoitwa Daigo Fukuryu Maru, ikiwa na wavuvi 23. Mhudumu wa redio wa mashua hiyo, Aikichi Kuboyama, alifariki Septemba ya mwaka huohuo. Mwezi Novemba studio ya Toho ikatoa filamu ya kwanza ya Godzilla, dubwana linaloamshwa na majaribio ya mabomu kama hayo, iliyoongozwa na Ishirō Honda, na mambo ya kwanza kuonyeshwa humo ni meli inayoteketea baharini na familia zinazosubiri habari za watu wao ufukweni. Sisi tunaoishi kati ya wavuvi, tunaojua maana ya chombo kuchelewa kurudi, hatuhitaji kuelezwa uzito wa tukio hilo. Ndiyo maana kwangu sanamu ya Godzilla isiyo na huzuni yoyote usoni wala makovu yoyote mwilini ni sanamu iliyokosea, hata kama rangi yake inang'aa kiasi gani.

Godzilla huyu wa 2023 hakukosea. Ngozi yake imechongwa kwa mikunjo na vinundu vinavyokumbusha majeraha ya moto yaliyopona vibaya, na uchongaji huo unaendelea hadi sehemu ambazo macho ya mnunuzi hayafiki kwa urahisi, chini ya mkia na nyuma ya magoti. Rangi ya mwili ni nyeusi inayoelekea kijivu, na kwenye ncha za mapezi ya mgongoni inapauka kidogo. Mtu anayeitazama mchana chini ya taa nyeupe anaweza kusema haina rangi ya kutosha. Iweke karibu na dirisha alasiri, mwanga ukiingia kwa upande, na kila kinundu kitatoa kivuli chake. Hapo utaona kwamba waliochonga walitegemea vivuli kuliko brashi, na uamuzi wao ulikuwa sahihi, kwa kuwa rangi nyingi juu ya mchongo mdogo wa namna hii huziba mikunjo.

Filamu ambayo sanamu hii imetokana nayo, Godzilla Minus One, iliongozwa na Takashi Yamazaki, na mwezi Machi 2024 ilipata tuzo ya Oscar ya athari za picha, jambo ambalo halikuwahi kuipata filamu nyingine yoyote ya Godzilla. Habari hiyo inaihusu sanamu moja kwa moja. Mwaka 1954 Godzilla alikuwa mtu ndani ya vazi. Haruo Nakajima alilibeba vazi lenye uzito wa kilo 100 hivi, na umbo la dubwana lilibidi lifuate umbo la binadamu: magoti mahali pa magoti ya mtu, na kichwa juu ya kichwa cha mtu. Godzilla wa 2023 ametengenezwa kwa kompyuta, kwa hiyo mapaja yake yamepanuka kupita kiasi, kichwa kimekuwa kidogo juu ya mwili mkubwa, na uzito wote umeshuka chini. Anayeijua filamu ataona kwamba dubwana hili halitembei kama mtu aliyevaa kitu. Kwa mtengenezaji wa sanamu za viungo umbo hilo ni neema na mtihani kwa wakati mmoja: neema kwa sababu kitu kizito chini husimama vizuri, na mtihani kwa sababu mapaja manene huacha nafasi ndogo ya miguu kusogea.

Kimo chake ni sentimita 16 hivi, na mkia unaongeza urefu mkubwa nyuma. Kinywa kinafunguka kwa bawaba, na ndani yake kuna ulimi na meno yaliyochongwa moja moja, madogo kuliko punje ya mchele. Shingo imegawanywa ili kichwa kiweze kuinuliwa, kuinamishwa na kugeuzwa pasipo kuacha ufa mkubwa kati ya vipande. Hilo ndilo jambo la kwanza ninaloliangalia katika sanamu yoyote, kwa maana kiungo kinachosogea vizuri lakini kikaacha pengo la kuonyesha plastiki ya ndani huiharibu sura yote. Hapa mikunjo ya ngozi imetumiwa kuficha mipaka ya vipande, na lazima uisogeze karibu sana ndipo uone kipande kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi.

Ubora wake wa pekee, hata hivyo, umo katika mkia. Umekatwa vipande vingi vifupi, kila kimoja kikiwa na kiungo chake, na kila kipande kimebeba sehemu yake ya mapezi. Ukishika ncha kwa vidole viwili na kuipeleka upande, vipande vinafuatana kimoja baada ya kingine, mpindo ukipanda taratibu hadi kiunoni. Ukiachia, mkia unabaki palepale ulipouacha, haurudi nyuma wala hauanguki. Mtoto wa ndugu yangu, ambaye ameshazoea kuona samaki wakipakuliwa, aliutazama kwa muda kisha akaniambia, "Ami, unakwenda kama mkunga." Alimaanisha yule samaki mrefu kama nyoka, na alisema kweli; sijapata maelezo bora zaidi. Mpindo hauna kona. Katika sanamu nyingi za madubwana mkia hukunjika mahali pawili au patatu tu, ukaonekana umevunjwa, na mkusanyaji huishia kuuficha nyuma ya kitu. Huu unastahili kuwekwa mbele ya macho ya watu.

Zaidi ya uzuri, mkia huo ni mguu wa tatu. Ukiupinda kidogo na kuulaza juu ya rafu, sanamu inapata mahali patatu pa kuegemea, na kuanzia hapo unaweza kuiinamisha mbele, kuiinua kifua au kuigeuza kiuno bila kuhitaji kishikizo cha chuma wala uzi. Kwa mtu wa bara huenda faida hii ikawa ndogo. Kwetu ni kubwa mno, kwa sababu nitakazozieleza hivi punde.

Miguu yenyewe ina mipaka ambayo mnunuzi aijue kabla ya kulipa. Paja nene halikunjiki kwa pembe kali, na goti linafika mahali nyama ya plastiki inapokutana na nyama ya plastiki. Asiyetaka kusikitika asitarajie kumkalisha Godzilla huyu, wala kumpigisha magoti, wala kumwinua mguu juu kana kwamba anakanyaga nyumba. Atatembea hatua fupi, atageuza vifundo vya miguu ili nyayo zilale sawasawa, na mwili utabaki umesimama wima kwa uzito uleule anaoonekana nao katika filamu. Mimi naona ni heri hivyo. Wangeyapunguza mapaja ili kuongeza mkunjo, tungepata sanamu inayocheza vizuri zaidi ambayo si Godzilla wa 2023. Mikono ni mifupi, inasogea mabegani, kwenye viwiko na viganja, na inatosha kwa kazi yake.

Sasa nije kwenye hali ya hewa. Sanamu hizi hutengenezwa kwa plastiki za aina mbili kuu. PVC ni laini kiasi, inakubali mchongo mdogo sana, na ndiyo hutumiwa kwa ngozi, mapezi na kucha. ABS ni ngumu, na hutumiwa zaidi ndani, kwenye viungo na sehemu za kubeba uzito. PVC hulainishwa kwa kemikali maalumu inayochanganywa humo wakati wa kutengenezwa, na kemikali hiyo haikai ndani milele. Katika joto la muda mrefu hupanda polepole hadi juu ya ngozi, na hapo ndipo mkusanyaji husema sanamu yake imetoa jasho: ukiigusa inanata, na vumbi linashika. Joto hilohilo huilegeza PVC iliyobeba uzito, kwa hiyo mguu mwembamba unaosimamisha mwili mzito hujikunja kidogo kidogo, pasipo kuvunjika, hadi siku moja sanamu inainama mbele na kuanguka kifudifudi. Ongeza unyevu na chumvi ya upepo wa baharini, ambavyo haviidhuru plastiki sana lakini hula skrubu, springi na vituo vya betri katika sanamu zenye taa. Mwenye sanamu ya kuwaka macho asiache betri ndani yake hata kwa mwezi mmoja.

Nyumba zetu za mawe zina faida na hasara zake. Kuta nene za matumbawe na chokaa huweka chumba baridi kuliko nyumba ya bati, na ile sehemu ya ndani, iliyo mbali na kiwanda, yaani ua wa ndani unaopigwa na jua, ndiyo bora kwa plastiki. Vidaka vya ukutani, ambavyo zamani viliwekwa sahani za kaure zilizoletwa na majahazi, vina kina cha kutosha sanamu ya sentimita 16, na kivuli chake huzuia mwanga wa jua usiipaushe rangi. Hasara ni chokaa. Ukuta wa zamani hutoa unga mweupe hasa wakati wa unyevu, na unga huo huingia katikati ya mapezi ya Godzilla mahali ambapo kitambaa hakifiki. Dawa yake ni brashi laini ya rangi, ile nyembamba kabisa, ikipitishwa kuanzia shingoni kwenda mkiani, kisha maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo ya vyombo pale sanamu inapoanza kunata. Ikaushwe kivulini, kamwe isianikwe juani.

Kuna jambo jingine ambalo kwa heshima halipaswi kupitwa. Katika nyumba nyingi za Lamu wazee hawapendi sanamu yenye uso iwekwe mahali watu wanaposalia, na wana haki ya kusikilizwa katika nyumba zao. Mimi huziweka zangu katika chumba cha kazi kilicho juu, ndani ya kabati la kioo lenye mlango, na wageni wasiopenda kuziona hawalazimiki kuziona. Kabati hilo lakini lisizibwe kabisa. Kabati lisilopitisha hewa hukusanya mvuke wa ile kemikali ya kulainishia na kuharakisha jasho. Tundu dogo nyuma na mlango kufunguliwa mara kwa mara hutosha. Hali ni hiyohiyo kwa wale wanaoziacha sanamu ndani ya masanduku yake bila kuzifungua, wakidhani wanazihifadhi, ilhali plastiki nyembamba ya sandukuni huishika sanamu kwa joto na unyevu wake wote.

Katika mazingira hayo Godzilla wa Bandai amekaa kwangu bila kuinama. Viungo vyake havijalegea, mkia unashika mkao, na miguu minene, ambayo hapo juu niliitaja kuwa kizuizi, imegeuka kuwa kinga. Uzito unateremka kwenye nguzo mbili pana na mkia, na hakuna mahali pembamba panapobeba mwili peke yake. Natambua kwamba waliombuni hawakuwa na Lamu akilini, lakini umbo walilolirithi kutoka kwenye filamu linafaa hapa kuliko sehemu nyingi duniani.

Ili msomaji aone tofauti, nitamweka kando ya sanamu nyingine ninayoipenda kwa dhati, ya kiumbe wa filamu ya Alien ya mwaka 1979. Kiumbe huyo alibuniwa na mchoraji wa Uswisi H. R. Giger, na ndani ya vazi lake alikuwamo Mwafrika, Bolaji Badejo, Mnigeria aliyezaliwa mwaka 1953 na kufariki 1992, ambaye alikuwa mwanafunzi wa sanaa mjini London. Alionekana na mtu wa kutafuta waigizaji katika baa moja mjini humo, kwa sababu ya urefu wake wa mita 2.08 hivi na wembamba wa mikono na miguu yake. Walitaka mtazamaji asiamini kwamba ndani kuna binadamu, na mwili wa Badejo, pamoja na mafunzo ya mwendo aliyopewa, ndio uliowapa jambo hilo. Kila sanamu ya Alien wa 1979 inayotengenezwa leo, iwe ya kampuni gani, inabeba vipimo vya kijana huyo wa Lagos. Laiti masanduku yake yangeliandika jina lake kwa herufi kubwa. Mkusanyaji wa Afrika Mashariki anapolipanga lile umbo refu, lenye mapaja membamba na mikono inayoning'inia, anaupanga mwili wa mtu halisi ambaye ni wachache sana wanaomtaja.

Wembamba huohuo ndio unaoitesa sanamu yake kwetu. Ile niliyonayo, ambayo kampuni yake sina sababu ya kuitaja kwa kuwa tatizo ni la umbo na joto kuliko la kiwanda, iliinama msimu wa kaskazi. Kifundo kimoja cha mguu kililegea, paja likapinda nje, na kichwa kirefu kikaivuta sanamu mbele. Niliirekebisha kwa njia inayojulikana kwa wakusanyaji wengi: mguu uliopinda huingizwa katika maji ya moto yasiyochemka, kwa muda wa dakika moja au pungufu, hadi PVC iwe laini, kisha hunyooshwa kwa mkono na kutumbukizwa mara moja katika maji baridi, ukishikiliwa bila kutikiswa mpaka ukaze. Inafanya kazi, lakini si tiba ya kudumu, na kila kaskazi inapoingia jambo huweza kurudi. Sanamu kama hiyo inahitaji kishikizo cha kuibeba kiunoni, na anayeinunua akihesabu bei ahesabu na kishikizo.

Maji ya moto yana kazi nyingine pia. Sanamu mpya ya kampuni yoyote inaweza kuja na kiungo kilichoshikana kwa rangi, na mtu mwenye haraka akikilazimisha, kijiti cha ndani hukatika. Kiungo kisichozunguka kwa nguvu ndogo kipashwe moto kwanza, halafu kisogezwe kwa kiasi cha nywele mbele na nyuma mpaka rangi iachane. Kilainishi kinachofaa ni mafuta ya silikoni, tone moja tu. Mafuta ya cherehani, ya taa au ya gari hayafai, kwa sababu yanaweza kuipasua plastiki ngumu baada ya muda, na mafuta ya nazi, ambayo kwetu ndiyo yaliyo karibu na mkono, yatachacha na kuvuta vumbi. Kwa kiungo kilicholegea, wengi hupaka ndani yake tabaka jembamba la polishi ya akriliki ya kung'arishia sakafu, na kuliacha likauke kabisa kabla ya kukirudisha mahali pake. Tabaka hilo huongeza unene mdogo sana, na mara nyingi unatosha.

Kuhusu bandia, nitasema kwa ufupi. Mwambaoni kuna sanamu za Godzilla zinazouzwa kwa bei ya chini mno, na nyingi ni nakala zilizofinyangwa kutoka kwa sanamu halisi. Hujulikana kwa mng'ao wa mafuta kwenye ngozi, harufu kali inayobaki siku nyingi, makosa ya tahajia kwenye sanduku, na kukosekana kwa tangazo la hakimiliki la Toho. Nilipewa mojawapo iliyonunuliwa kwenye kibanda kimoja, na mkia wake haukuweza kubaki juu hata kwa dakika moja. Kama nia ni kumpa mtoto wa kuchezea, kuna magodzilla halisi ya vinyl laini yenye viungo vichache, ambayo Bandai huyatengeneza kwa bei nafuu, na hayavunjiki ovyo. S.H.MonsterArts haimfai mtoto mdogo hata kidogo. Mapezi yana ncha, na vipande vya mkia ni vidogo kiasi cha kumezwa.

Njia ya kuifikisha sanamu Lamu ni ndefu, na gharama yake huwashangaza wakusanyaji wapya. Bei ya Godzilla huyu dukani nje ya nchi huzidi mara mbili ya bei ya sanamu ya kawaida ya inchi 7 kutoka Marekani. Juu yake kuna usafirishaji, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16, kisha basi la kutoka Mombasa kupitia Malindi hadi Mokowe, na mashua ya kuvukia kisiwani. Sanduku la kadibodi lenye dirisha la plastiki halivumilii maji ya chumvi, kwa hiyo ninaagiza lifungwe ndani ya sanduku la pili lenye pamba au karatasi, na lote litiwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa utepe kabla ya kupakiwa. Mtu wa Malindi ana nafuu, kwani mzigo wake hauna haja ya kuvuka maji, na huweza kupata msafiri wa ndege wa kumbebea. Usiukubali mzigo uachwe juani kwenye gati ukisubiri hamali. Alasiri moja ya Februari inaipasha plastiki moto kuliko mwezi mzima chumbani.

Je, bei hiyo inastahili? Kwa mtu anayetaka sanamu moja tu ya dubwana la filamu, aiweke nyumbani pwani na aendelee kuibadilisha mkao kwa miaka, jibu langu ni ndiyo pasipo kusita, na ningemshauri anunue huyu kabla ya kununua tatu za bei rahisi zitakazoinama. Kwa mtu anayependa kupanga mapigano, akataka mateke, magoti na kuruka, umbo hili halitamridhisha, na ni bora atafute dubwana lenye miguu mirefu, akubali pia kazi ya kulitunza. Bandai hutoa sanamu hizi kwa mafungu kwa kufuata maagizo ya awali, na fungu likiisha, wauzaji wa mitandaoni hupandisha bei. Mara nyingi, lakini, sanamu inayopendwa hutengenezwa tena, kwa hiyo anayeikuta kwa bei iliyopanda avute subira, aangalie matangazo ya toleo la marudio, na aagize mapema kwa duka linalokubali kutuma Kenya.